Kuondoa Mwelekeo wa Kimaadili katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani bila Kuvuruga Kampeni

Njia rahisi kabisa ya kuondoa mwelekeo wa kimaadili katika Dungeons & Dragons ni kuchukua kalamu, kufuta mstari mmoja kwenye karatasi ya kila mhusika, ule unaosema kama ni mwema au mwovu, mtu wa sheria au wa vurugu, na kuendelea na mchezo. Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza, katika kampeni (hadithi moja ndefu inayochezwa kwa vikao vingi) iliyotumia kanuni za toleo la 3.5, na vikao viwili vilipita salama. Katika kikao cha tatu paladini wa kundi letu, yaani shujaa aliyekula kiapo kitakatifu, alimvamia mtoza ushuru aliyekuwa akiwanyang'anya wanakijiji nafaka, akatangaza kwamba anatumia pigo lake la kuwaadhibu waovu, akarusha dadu, akampata. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa mwendesha mchezo, yaani msimulizi na mwamuzi wa kanuni. Kitabu kinasema kwamba pigo hilo huongeza madhara iwapo tu adui ni mwovu, na kwamba likimwangukia asiye mwovu linapotea bure kwa siku hiyo. Neno "mwovu" nilikuwa nimelifuta mwenyewe. Tulibishana karibu nusu saa juu ya ushuru, njaa na hatia ya mtumishi anayetii amri ya bwana wake, mjadala ambao ungenifurahisha kama ungefanyika mahali pengine, na muda wote huo mtoza ushuru wetu alibaki amesimama na upanga ukining'inia juu ya utosi wake.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mstari ule ni pambo. Kumbe ulikuwa umebebeshwa kazi nyingi ambazo hazihusiani: kuwasha na kuzima nguvu za uganga, kuchuja nani anaruhusiwa kuingia katika fani fulani (kazi ya mhusika, kama mtawa au kuhani), kumwambia mwendesha mchezo kiumbe atatendaje, na kuwaambia wachezaji, kimyakimya, ni nani anayeweza kuuawa bila maswali. Anayetaka kuuondoa mstari huo hana budi kuitafuta kila kazi, kuamua ipi ikabidhiwe kitu kingine, na ipi iachwe ife pamoja na mstari wenyewe.

Toleo unalotumia ndilo litakaloamua ukubwa wa kazi

Katika kanuni za mwanzo za mwaka 1974 kulikuwa na pande tatu tu, yaani Sheria, Vurugu, na wale wasioegemea upande wowote, na viumbe wa mchezo waliorodheshwa chini ya pande hizo kama askari wanavyopangwa chini ya bendera. Swali lilikuwa unapigana upande wa nani, wala halikuwa swali la dhamiri. Wema na uovu viliongezwa baadaye: seti ya wanaoanza ya mwaka 1977 ilikuwa na aina tano, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikaweka aina tisa ambazo wengi wetu tunazijua, yaani kila muungano wa sheria, vurugu au kutoegemea na wema, uovu au kutoegemea. Katika kanuni za kipindi hicho kila mwelekeo ulikuwa hata na lugha yake ya siri, na mhusika aliyebadili mwelekeo aliadhibiwa kwa kushushwa daraja. Lugha zile hazikunishawishi hata siku moja. Sijui mtu angejifunzaje lugha usiku mmoja kwa sababu tu amekuwa mkarimu.

Toleo la tatu la mwaka 2000, pamoja na marekebisho yake ya 2003 yaitwayo 3.5, ndilo lililouchomeka mwelekeo ndani kabisa ya mitambo ya mchezo. Mtawa lazima awe mtu wa sheria, mpiganaji wa hamaki haruhusiwi kuwa mtu wa sheria, paladini lazima awe mwema na wa sheria kwa pamoja, druidi, kuhani wa maumbile, lazima awe na kipengele fulani cha kutoegemea upande, na kuhani hawezi kusimama zaidi ya hatua moja kutoka kwa mungu wake. Toleo la nne la mwaka 2008 lilipunguza aina zikawa tano. Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudisha zile tisa, pamoja na neno maalumu kwa viumbe wasio na akili ya kuchagua, lakini likakata karibu nyaya zote zilizouunganisha mwelekeo na dadu. Kwa upande wa Pathfinder, mchezo uliozaliwa kutokana na kanuni za 3.5, marekebisho ya toleo lake la pili yaliyotoka mwaka 2023 yaliuondoa mwelekeo kabisa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona namna watunzi wenyewe walivyoziba mashimo ana mfano wa kuusoma.

Kwa hesabu yangu, anayeendesha kampeni kwa kanuni za 2014 ana kazi ya jioni moja. Anayetumia 3.5, au Pathfinder ya kwanza ya mwaka 2009, atenge jioni tatu na asizikimbize.

Kwanza zungumza na meza

Hatua hii ni fupi, ila isirukwe. Waambie wachezaji kabla ya kikao, si katikati ya pambano, kwamba unakusudia kuondoa mwelekeo, na uwaombe kila mmoja akutajie kitu chochote kwenye karatasi yake kinachotegemea maneno kama mwema, mwovu, sheria au vurugu. Mchezaji wa paladini na mchezaji wa kuhani wasikilizwe zaidi, maana wao ndio watakaopoteza au kunufaika. Ikiwa kuna mchezaji aliyejenga mhusika wake wote juu ya mwelekeo, kwa mfano kuhani aliyeasi anayetafuta kurudi kwenye wema, msikubaliane kuuondoa kabla hamjapata namna ya kuieleza safari yake kwa maneno mengine. Mabadiliko yaanze mwanzoni mwa sura mpya ya kampeni, wakati kundi liko mapumzikoni na hakuna uganga wowote unaoendelea kufanya kazi.

Kuhesabu nyaya

Chukua penseli, fungua vitabu mnavyovitumia, na uweke alama kila mahali kanuni inapouliza mwelekeo wa mtu. Usisome kitabu chote. Soma fani za wahusika walio mezani, aina za uganga wanazozijua wao na adui zao wakuu, vifaa walivyonavyo, na viumbe utakaowatumia katika miezi ya karibu. Vilivyobaki vitashughulikiwa siku vitakapojitokeza.

Katika 3.5 utaona alama zikijaa ukurasa. Kuna uganga wa kutambua uovu, wema, sheria na vurugu, kila mmoja kivyake. Kuna kago za kujikinga na kila upande kati ya hizo nne. Kuna silaha takatifu inayoongeza dadu 2 zenye pande 6 za madhara dhidi ya waovu. Kuna mashetani ambao ngozi zao hupunguza madhara ya kila silaha isipokuwa iliyotiwa wema. Katika kanuni za 2014 utaona vichache, na baadhi vitakuchekesha, kwa sababu uganga unaoitwa wa kutambua uovu na wema hautambui uovu wala wema: unakuonyesha kama kuna kiumbe wa aina sita, yaani wale wa kigeni kabisa kwa dunia yetu, viumbe wa mbinguni, wa asili za dunia, wa msitu wa ajabu, mashetani na wafu wanaotembea, ndani ya futi 30. Jina lilirithiwa, maana ikabadilika. Huo ni wepesi mkubwa kwako, kwa kuwa watunzi wamekufanyia nusu ya kazi bila kutangaza.

Usipuuze masalia yaliyojificha katika kanuni hizo za 2014. Roho walinzi wa kuhani hutoa madhara ya nuru kuhani akiwa mwema au asiyeegemea upande, na ya mauti akiwa mwovu. Rakshasa, aina ya shetani, hudhurika kupita kiasi kwa silaha ya kichawi inayochoma ikiwa imeshikwa na mtu mwema. Kiumbe mdogo wa msituni anayesoma moyo wa mtu kwa kumgusa huambiwa na kanuni kwamba ataujua mwelekeo wa aliyeguswa. Ipo hirizi ya wema inayomuunguza kila asiye mwema akiigusa, na lipo joho la bingwa wa uganga linalochagua mvaaji kwa rangi: jeupe kwa wema, la kijivu kwa wasioegemea upande, jeusi kwa waovu.

(Nimeandika "kichawi" na "uganga" kwa kuchanganya, na hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinapotutega. Kwetu mchawi ameshahukumiwa kabla hajafanya lolote, na mganga ameshasamehewa. Mwendesha mchezo anayezungumza Kiswahili mezani aamue mapema atatumia neno lipi kwa wahusika wa wachezaji na lipi kwa adui zao, au atakuwa ameurudisha mwelekeo kwa mlango wa nyuma.)

Kuunganisha upya

Kila alama ya penseli ina majibu matatu yanayowezekana: futa sharti, geuza sharti liulize asili ya kiumbe, au geuza sharti liulize kiapo.

Kufuta kunafaa mahali sharti lilipokuwa mlango tu. Mtawa asiye mtu wa sheria havunji chochote kwenye mizania ya mchezo, wala mpiganaji wa hamaki anayependa utaratibu. Jambo moja tu la kuangalia ni kwamba katika 3.5 masharti hayo yalizuia fani fulani zisichanganywe na mhusika mmoja, kwa mfano mtawa na mpiganaji wa hamaki. Ukifuta milango, mchezaji mjanja atazichanganya. Niliruhusu na hakuna lililoharibika, ingawa meza yangu haina watu wanaokesha wakitafuta mchanganyiko wenye nguvu kupita yote. Kama yako inao, sema wazi kwamba mchanganyiko uliokuwa umekatazwa unahitaji ruhusa yako. Joho la rangi tatu nalo lipewe yeyote anayeweza kulitumia, na rangi ibaki rangi.

Asili ya kiumbe ndiyo mrithi bora wa kago, utambuzi na silaha takatifu. Chora mstari kati ya viumbe ambao wema au uovu ni mwili wao na viumbe ambao wema au uovu ni matendo yao. Malaika, shetani na mfu anayetembea kwa nguvu ya laana wako upande wa kwanza. Binadamu, goblini, joka, orki na wengine wote wanaozaliwa, wanaokula na wanaoweza kubadili mawazo wako upande wa pili. Kisha andika maneno mawili, "wa nuru" na "wa giza", na uyabandike kwa wa upande wa kwanza peke yao. Kago ya kujikinga na uovu ya 3.5 itatoa nyongeza yake ya 2 kwenye kinga na kwenye kujinusuru dhidi ya viumbe wa giza tu. Sehemu ya pili ya kago hiyo, ile inayozuia mtu kupagawa au kutawaliwa akili, iache kama ilivyo, kwa kuwa tangu mwanzo haikuwa ikiuliza mwelekeo wa mshambuliaji. Silaha takatifu itaongeza dadu zake dhidi ya wa giza. Shetani atadhuriwa na silaha iliyobarikiwa na kuhani, na uganga uliokuwa ukitia silaha wema sasa unaitia baraka.

Kuna hasara hapa, na ni haki kuitaja. Silaha takatifu iliyokuwa ikifanya kazi dhidi ya jambazi, mfalme dhalimu na goblini sasa inafanya kazi dhidi ya mashetani na wafu peke yao, na katika kampeni ya siasa za mjini inaweza isiwake mwezi mzima. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kushusha thamani yake na kumpatia mwenyewe kitu kingine kidogo cha kufidia. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia, ni kumruhusu mwenye silaha amtangaze adui mmoja kwa siku, mbele ya mashahidi na kwa kutaja kosa lake, na silaha ikamtambua huyo kama wa giza hadi jua lizame. Sharti la mashahidi limetupatia matukio mazuri kuliko niliyokuwa nimeyaandaa.

Ama pigo la paladini, lililotuangusha kwa mtoza ushuru, suluhisho lake ni jepesi kuliko linavyoonekana: liruhusu dhidi ya adui yeyote. Katika 3.5 paladini wa daraja la kwanza analitumia mara 1 tu kwa siku, kwa hiyo mizania haitetereki. Kanuni za 2014 zimeshapita njia hiyo: pigo linamwangukia yeyote, kwa dadu 2 zenye pande 8 likilipiwa nafasi ya uganga (kipimo cha uganga anaoweza kuutumia kwa siku) ya daraja la kwanza, na dadu 1 zaidi adui akiwa shetani au mfu. Uamuzi wa nani anastahili pigo unahamia kwa paladini mwenyewe. Akikosea, kosa ni lake, na litamfuata kwenye hadithi badala ya kumfuata kwenye hesabu.

Masalia ya 2014 hayachukui muda. Roho walinzi watoe madhara ambayo kuhani atayachagua mara moja, siku anapojifunza uganga huo, kwa kadiri ya mungu wake. Rakshasa adhurike kwa silaha iliyobarikiwa. Msoma moyo aambiwe jambo ambalo aliyeguswa analitaka kuliko yote kwa wakati huo, taarifa inayofaa mara kumi kuliko maneno mawili ya mwelekeo. Hirizi ya wema iwaunguze wa giza kwa dadu 8 zenye pande 6 kama ilivyokuwa ikiwaunguza waovu, na isiwaguse wengine.

Kiapo kinachoonekana kwa macho

Jibu la tatu, kiapo, ndilo linalostahili muda wako mwingi, kwa sababu kuhani na paladini wasiopewa kitu mahali pa mwelekeo hugeuka kuwa waganga na wapiganaji wa kawaida wenye mavazi ya ibada. Pathfinder ya 2023 inampa kila mungu mambo anayoyaamuru na mambo aliyoyafanya mwiko, na utaratibu huo unahamishika kwenye mchezo wowote. Mimi huandika amri mbili na miiko miwili. Zaidi ya hapo hakuna anayekumbuka.

Amri na mwiko viandikwe kama tendo ambalo mtu aliyesimama pembeni angeliona. "Uwe na huruma" haifai: ni mwelekeo ule ule uliovaa nguo nyingine, na mtabishana juu yake kama mlivyobishana juu ya uovu. Chukua kuhani wa mungu wa njia na wasafiri. Amri yake ya kwanza: mfungulie mlango yeyote anayebisha usiku. Ya pili: ukipita kwenye daraja au kivuko kilichoharibika, usiendelee kabla hujafanya jambo la kukitengeneza. Mwiko wa kwanza: usimwelekeze mtu njia ya uongo. Wa pili: usichukue kitu cha aliyefia safarini kabla hujamzika.

Amri hizo hazisemi popote kama kuhani huyu ni mwema, lakini tazama zinavyofanya kazi. Kundi limejificha katika nyumba ya mlinda kivuko, limezima taa, linafukuzwa na askari wa bwana mkubwa. Mlango unabishwa. Mchezaji wa mwizi ananong'ona, "Msifungue." Mchezaji wa kuhani anashusha pumzi, anaitazama karatasi yake, na kusema, "Nafungua." Hakuna aliyemuuliza kama jambo hilo ni la kisheria au la vurugu. Nje alikuwa amesimama askari mmoja tu, mvulana, kiatu kimoja kimempotea, akiomba maji. Hilo la mvulana niliamua papo hapo. Nilikuwa nimeandaa kikosi kizima, ila niliona mlango uliofunguliwa kwa kiapo unastahili kufungukia kwenye jambo gumu kuliko vita.

Juu ya adhabu, nashauri upole. Kuhani aliyevunja mwiko asinyang'anywe nguvu zote, kwa kuwa adhabu hiyo humfanya mchezaji akae bure mezani na huwafanya wenzake wamkasirikie. Asubuhi inayofuata nafasi moja ya uganga, ile ya daraja la juu alilonalo, isijae, na iendelee kuwa tupu mpaka afanye kitendo cha kurekebisha kinacholingana na kosa. Akivunja tena kabla hajarekebisha, nafasi ya pili nayo isijae. Paladini afuate utaratibu huo huo. Na kama amri mbili zinagongana katika tukio ulilolitengeneza wewe, kosa si la mchezaji: mwache achague moja, na usimwadhibu kwa nyingine.

Viumbe, na ile kazi isiyohitaji mrithi

Maelezo ya viumbe katika 3.5 yaliandika mwelekeo pamoja na kiasi chake: daima, kwa kawaida, mara nyingi. Goblini kwa kawaida ni mwovu, shetani daima ni mwovu. Kwa mwendesha mchezo mwenye haraka, neno hilo lilikuwa njia ya mkato ya kujua kiumbe atafanya nini mlango ukifunguliwa, na njia hiyo ya mkato inahitaji mbadala, la sivyo utajikuta ukisitasita mbele ya kila kiumbe. Mbadala ninaoutumia ni mistari mitatu kando ya pointi za uhai: anataka nini, anaogopa nini, na atakubali nini ili aondoke. Haichukui dakika mbili. Goblini wa pangoni: wanataka chumvi, wanaogopa mbwa, wataondoka wakiachiwa mateka wao. Joka mzee: anataka asisahaulike, anaogopa mwanawe, atakubali kusifiwa na mtu anayejua historia. Kwa mistari hiyo nimeweza kuendesha mazungumzo ya saa nzima ambayo neno "mwovu" lisingenipa hata sentensi yake moja.

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika, na ndio unaobadilisha mchezo kuliko yote. Kiumbe mwenye kitu anachoweza kukubali ni kiumbe anayeweza kusalimu amri, na hapo wachezaji watakutana na mateka wao wa kwanza. Jiandae. Meza iliyozoea mwelekeo itauliza tu, "Huyu ni mwovu?" ikitafuta ruhusa. Hiyo ndiyo kazi ninayosema isipewe mrithi. Jibu kwa kueleza unachokiona: amefungwa mikono, anatetemeka, anataja jina la mtu asiyekuwepo. Usiseme zaidi. Vikao viwili vya mwanzo vitakuwa na ukimya usio wa kawaida, halafu wachezaji wataanza kuulizana wenyewe.

Mashetani waache walivyo. Kuna waendeshaji wanaoondoa mwelekeo na kisha wanaona wajibu wa kumfanya kila pepo awe na kisa cha kusikitisha. Sioni sababu. Kundi linahitaji mara mojamoja kupigana na kitu bila kukaa kikao cha upatanishi kabla.

Kinachoandikwa mahali palipofutwa

Nafasi kwenye karatasi ya mhusika isibaki tupu, kwa kuwa mchezaji mpya aliutumia mwelekeo kama kipini cha kumshikia mhusika wake. Kanuni za 2014 tayari zina sehemu ya maadili anayoyaamini mhusika, watu au vitu alivyofungamana navyo, na kasoro yake, pamoja na zawadi ndogo ya dadu kwa anayeziigiza vizuri. Ukiwa na hizo, huhitaji kitu kingine, ila ufute mabano yanayohusisha kila imani na mwelekeo. Kwa 3.5 kuna dawa kutoka kwa ndugu yake, d20 Modern ya mwaka 2002: kila mhusika aandike utiifu usiozidi mitatu, kwa mpangilio wa uzito, iwe kwa mtu, taifa, dini, kundi au imani, na apate nyongeza ya 2 anaposhawishi au kujadiliana na mtu anayeshiriki utiifu huo. Mpangilio wa uzito ndio wenye faida, maana unaonyesha mapema mhusika atamsaliti nani siku pande mbili zikigombana.

Wapo wanaopenda kupima tabia kwa namba. Pendragon, mchezo wa mwaka 1985 juu ya mashujaa wa Mfalme Arthur, una jozi 13 za tabia zinazopingana, kama ukarimu na uchoyo, na kila jozi jumla yake ni 20, hivyo upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Ni utaratibu mzuri ndani ya mchezo huo, uliojengwa wote kuuzunguka. Kuuchomeka kwenye mchezo mwingine, hata hivyo, ni kubadilisha mwelekeo mmoja kwa miwelekeo kumi na mitatu, na nimeujaribu muda wa kutosha kujua kwamba wachezaji wangu walianza kutoa sadaka ili namba ipande.

Mchezaji anayeharibu starehe ya wenzake kwa kusema kwamba mhusika wake ni mwovu, basi ndivyo angefanya, hataponywa na mabadiliko haya. Mwelekeo ulimpa kisingizio. Ukiondoka, atapata kingine. Mambo hayo yanahitaji makubaliano ya watu walioketi mezani kuhusu nini hakitaingia kwenye hadithi, na makubaliano hayo yawekwe hata kama mwelekeo unabaki.

Baada ya vikao vinne au vitano, rudi kwenye kurasa zenye alama za penseli. Alama ambazo hakuna aliyezigusa, futa sharti lake moja kwa moja. Zile ambazo mmebishana juu yake zaidi ya mara moja ziandikwe upya kwa sentensi moja, kwa wino, mbele ya wote. Kwenye kitabu changu wino uko mahali pawili: kwenye ile kago, na kwenye ukurasa wa paladini, ambapo mchezaji wake ameandika kwa mkono wake mwenyewe, chini ya kanuni ya pigo, jina la mtoza ushuru.